Wiki za Kungoja Kisu: Tiba Zinazotangulia Upasuaji wa Saratani ya Umio

Jamaa za mgonjwa wa saratani ya umio aghalabu hufika mbele ya daktari wakiwa na ombi moja tu: mgonjwa wao apasuliwe mara moja, uvimbe utolewe, naye arudi nyumbani. Wanapoelezwa kwamba hapana budi kwanza zipite wiki kadhaa za dawa na mionzi, wapo wanaonung'unika kuwa wanazungushwa, na wapo wanaomwondoa mgonjwa wao na kumpeleka kwa waganga wanaoahidi uponyaji wa siku tatu. Yafaa basi askari, polisi na jamaa zao kambini wafahamu wiki hizo ni za nini. Kwa maana kwa mgonjwa anayestahili kupasuliwa, wiki hizo ni sehemu ya tiba yenyewe.

Umio ni mrija wenye urefu wa sentimita 25 hivi, unaochukua chakula kutoka kooni hadi tumboni. Umepita kifuani nyuma ya koo la hewa, karibu na moyo na mshipa mkuu wa damu. Saratani inapoota humo, dalili ya kwanza huwa ndogo: tonge la posho au kipande cha nyama hukwama, na mgonjwa hulisukuma kwa maji. Baadaye hata ndizi laini hazipiti, kisha uji, na mwisho maji yenyewe. Mwili hukonda upesi. Uganda imo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, unaoanzia Ethiopia na kushuka hadi Afrika Kusini, ambamo ugonjwa huu huonekana kwa wingi. Tumbaku na pombe kali ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana. Na mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba vinywaji vya moto mno, vyenye joto linalopita nyuzi 65, yaelekea navyo huchangia.

Mgonjwa anapofika hospitalini, madaktari humwingizia kamera nyembamba kwa njia ya kinywa, wakauona uvimbe na kukata kinyama kidogo kwa uchunguzi wa maabara. Hufuata picha za skani za kifua na tumbo. Kwa matokeo hayo wagonjwa hugawanyika katika mafungu matatu. Wachache ambao uvimbe wao ni mdogo sana waweza kutolewa uvimbe huo bila matayarisho marefu. Wale ambao ugonjwa umekwisha kufika kwenye ini au mapafu hawafaidiki na kisu. Hao hupewa tiba ya kupunguza mateso, kama vile bomba dogo la waya linalofungua umio ili chakula kipite. Fungu la tatu ni la wale ambao uvimbe umepenya ukuta wa umio au umegusa tezi za jirani, lakini haujasambaa mbali. Hao ndio wanaohitaji tiba kabla ya upasuaji.

Askari ataielewa sababu yake kwa urahisi. Kamanda mwenye busara hawapeleki askari wa miguu kushambulia ngome imara kabla mizinga haijailainisha. Vivyo hivyo, mionzi na dawa huupunguza uvimbe, ili mpasuaji aweze kuutoa wote bila kuacha mabaki ukingoni. Pili, dawa hupita katika damu na kuziwinda chembe zilizokwisha kutoroka, ambazo kisu hakiwezi kuzifikia wala skani kuziona. Tatu, mgonjwa huzistahimili dawa vizuri zaidi kabla ya upasuaji kuliko baada yake, kwa kuwa upasuaji huu ni mzito: umio hukatwa, na tumbo huvutwa juu hadi kifuani ili lishike nafasi yake.

Hayo si maneno ya kubahatisha. Mwaka 2012 madaktari wa Uholanzi walitangaza matokeo ya majaribio yaliyohusu wagonjwa 366. Nusu yao hivi walipasuliwa moja kwa moja. Wengine walipewa kwanza dawa mbili, kaboplatini na paklitakseli, mara moja kila wiki kwa wiki tano, pamoja na vipindi 23 vya mionzi, kisha wakapumzishwa na kupasuliwa. Katika kundi lililopasuliwa moja kwa moja, nusu ya wagonjwa walikuwa wamekufa ilipofika miezi 24. Katika kundi lililotayarishwa, haikufika nusu hiyo mpaka miezi 49. Uvimbe ulitolewa wote bila mabaki kwa wagonjwa 92 katika kila 100 waliotayarishwa, dhidi ya 69 wa kundi jingine. Katika aina ya saratani inayoanzia kwenye utando wa ndani wa umio, ambayo ndiyo iliyo nyingi Afrika ya Mashariki, karibu nusu ya waliotayarishwa na kupasuliwa hawakukutwa na chembe hata moja hai ya saratani katika nyama iliyokatwa.

Utafiti haukukoma hapo. Mwaka 2024 madaktari wa Japani walionyesha kwamba, kwa aina hiyohiyo, dawa tatu kabla ya upasuaji hushinda dawa mbili. Mwaka 2025 Wajerumani walionyesha kwamba kwa aina ya pili, inayoota chini karibu na tumbo na iliyo nyingi Ulaya, mchanganyiko wa dawa unaotolewa kabla na baada ya upasuaji hupita ule mpango wa Uholanzi. Kwa hiyo wagonjwa wawili wa umio waweza kupewa tiba tofauti, na wala hapo hapana upendeleo.

Kampala si ngeni katika mambo haya. Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoko Mulago ilianzishwa mwaka 1967, na miaka yake ya mwanzo ilisifika kwa kutibu kwa dawa saratani ya taya ya watoto, ile aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958. Lakini nchi ilionja pia uchungu wa kukosa silaha moja. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini, iliyokuwapo tangu mwaka 1995, iliharibika kabisa, na baadhi ya wagonjwa wakalazimika kutibiwa Nairobi. Mashine mpya ya kobalti ilizinduliwa Januari mwaka 2018, na nyingine za kisasa zaidi zikafuata.

Hata hivyo dawa na mionzi havitoshi kumtayarisha mgonjwa. Mwili uliokonda hauponi vidonda. Hivyo mgonjwa hulishwa vyakula laini vyenye nguvu, na asiyeweza kumeza huwekewa mpira wa kulishia. Mvutaji sigara hana budi kuacha wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji, kwa sababu mapafu yaliyojaa moshi ndiyo huleta nimonia baada ya kifua kufunguliwa. Na baada ya kipindi cha mwisho cha mionzi, mwili huachwa upumue wiki nne hadi sita. Anayetoroka katikati ya safari hii huupa ugonjwa nafasi ya kujipanga upya.

Tena ipo akiba moja ambayo haitengenezwi kiwandani: damu. Juu ya kilima cha Nakasero yapo makao ya huduma ya damu ya taifa, ambayo Waganda wengi huyajua kwa jina la Benki ya Damu ya Nakasero. Hapo damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende kabla ya kupelekwa hospitalini. Damu haiwezi kuwekwa mwaka mzima; baada ya wiki tano hivi huharibika. Sehemu kubwa ya wachangiaji ni wanafunzi, na shule zinapofungwa akiba hupungua. Kambi za jeshi na polisi hazifungi likizo. Mgonjwa aliyevumilia wiki zote za dawa na mionzi asije akafika siku yake ya upasuaji akaambiwa angoje tena kwa sababu ya chupa mbili za damu.

Jambo kubwa kuliko yote ni kuwahi. Tiba hizi zote humfaa yule tu aliyefika mapema, ilhali wengi hufika wakati hata maji hayapiti. Askari amefundishwa kuvumilia maumivu, na desturi hiyo njema vitani humponza anapougua. Anayeona chakula kinakwama kwa wiki mbili mfululizo na aripoti kwa mganga wa kikosi chake, naye mkuu wake ampe ruhusa ya kwenda kupimwa. Na akiambiwa kwamba kisu kitangoja, aingie katika matibabu yanayotangulia kwa nidhamu ileile aliyoapa nayo, ayamalize yote.