Mchezo wa kuigiza usio na hadhira, na mzigo wa anayeusimamia

Mashabiki wa hadithi za kubuni za kisayansi waliokusanyika katika kongamano la Boskone, eneo la Boston nchini Marekani, mnamo Februari 1983 waliletewa burudani ya aina mpya.

Kundi lililoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard liliandaa mchezo ulioitwa Rekon-1. Kila aliyejiandikisha alikabidhiwa mhusika wa kuigiza, siri za kuficha na malengo ya kutimiza, kisha akaachwa atangamane na wenzake apendavyo.

Wasomaji waliokulia katika mitaa ya Nairobi watakumbuka kalongolongo, ambapo mtoto mmoja huwa baba, mwingine mama na wa tatu mgonjwa anayepelekwa hospitalini. Huu ni mchezo wa ukoo huo, ila wanaoucheza ni watu wazima na una kanuni zilizoandikwa. Hakuna maneno ya kukariri wala hadhira ya kupiga makofi. Anayeigiza ndiye huyo huyo anayetazama.

Chimbuko lake moja ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa mwaka wa 1974. Haikuchukua muda kabla ya baadhi ya wachezaji kuchoka kukaa kitako. Huko Uingereza, kundi la Treasure Trap lilianza mwaka wa 1982 kuigiza vita ndani ya ngome ya Peckforton, Cheshire, kwa silaha zilizofunikwa sponji.

Ngome ina lango, na lango likifungwa waliomo ndani wote wanajua wanachokifanya. Hoteli yenye kongamano haiko hivyo. Katika lifti moja mna mchezaji aliyejipaka damu bandia, shabiki aliyekuja kununua vitabu, na mama mzee aliyefika kwa harusi ya mjukuu wake. Huyo mama hajakubali kucheza. Hapo ndipo kazi ya msimamizi inapoanza kuwa ngumu.

Matayarisho huchukua miezi. Kila mhusika huandikiwa kurasa kadhaa: yeye ni nani, anataka nini, anajua nini, na ni nani asiyepatana naye. Waandishi wenye uzoefu hawampi mtu mmoja siri inayobeba kisa kizima. Katika kongamano daima kuna anayechelewa kuamka, au anayekutana na mwandishi ampendaye akasahau saa. Iwapo yeye pekee ndiye aliyejua mahali wosia ulipofichwa, wengine watahangaika bure. Kwa hiyo siri hugawiwa wawili au watatu, na wahusika wanaoweza kuondolewa bila kuharibu kisa hutiwa alama mapema.

Ugomvi wa wahusika nao huamuliwa bila kugusana. Kanuni za Mind's Eye Theatre, zilizotolewa mwaka wa 1993 kwa ajili ya visa vya vampaya, zilitumia jiwe, karatasi na makasi, mchezo wa mikono ambao kila mtoto anaujua. Mchezaji anayekunja mikono kifuani huwa haonekani, nao wenzake hujifanya hawamwoni. Mapambano makali hivyo huisha kwa ishara ambazo mpita njia hatishwi nazo.

Tahadhari hizi si za bure. Mnamo Mei 2017, mtu mmoja alikamatwa katika kongamano la mashabiki mjini Phoenix, Arizona, akiwa na bunduki halisi zenye risasi na fulana ya kujikinga. Katikati ya umati uliovalia maleba ya kila namna, na wengi wakiwa na silaha za plastiki, alionekana kama shabiki mwingine tu. Polisi walimkamata kabla hajamdhuru raia yeyote, na waandalizi wakapiga marufuku silaha za kuigizia katika siku zilizosalia.

Kwa sababu hiyo msimamizi makini haruhusu kitu chochote chenye umbo la bunduki. Silaha huwa kadi iliyoandikwa "bastola", basi. Aidha, huwaarifu walinzi na wahudumu wa hoteli mapema kuhusu saa na mahali pa mchezo, maana mlinzi anayesikia ukemi wa "ameuawa!" hana wajibu wa kukisia kwamba ni mzaha.

Wengine wamelitatua tatizo kwa kujifungia. Katika makongamano ya Intercon, ambayo yalitengwa mahususi kwa michezo ya namna hii, visa vingi huchezwa kwa takriban saa nne ndani ya chumba kimoja. Raha ya kunong'onezana njama kwenye ngazi za hoteli hupotea, na hiyo ni hasara ya kweli. Hata hivyo, kwa kongamano lililochanganyika na wageni wengine, chumba kinafaa zaidi.

Hatari nyingine imo ndani ya mchezo wenyewe. Mchezaji akilia, je, ni mhusika anayelia au ni yeye? Wachezaji wa Skandinavia, ambao mkutano wao wa Knutepunkt ulianza Oslo mwaka wa 1997, wamezoea kuwa na maneno mawili ya dharura: moja la kusimamisha kila kitu papo hapo, jingine la kuwaomba wenzao wapunguze makali. Pale kelele zinapozidi, ishara ya mkono hutosha: mmoja huuliza kimyakimya kama mwenzake yu salama, naye hujibu kwa kidole gumba juu au chini. Msimamizi huwafanyisha wote mazoezi ya ishara hizi kabla ya kisa kuanza, hata wale wanaodai kuzijua.

Saa ikitimia, wachezaji huketi pamoja na kufichuliana siri: nani alimsaliti nani, na ule wosia ulikuwa wapi muda wote huo. Nusu saa hutengwa kwa hilo kabla chumba hakijarudishwa kwa hoteli.