Nyumba Ndiyo Karakana ya Mshonaji

Novemba 2002, jumba la makumbusho la Whitney mjini New York lilitundika ukutani mablanketi ya viraka. Yalishonwa na wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi katika jimbo la Alabama, na wengi wa washonaji hao walikuwa mabibi wenye wajukuu. Viraka vyenyewe vilitoka kwenye suruali za jinzi zilizoisha magotini, magauni yaliyopauka na magunia yaliyomalizwa kazi. Mhakiki wa gazeti la New York Times, Michael Kimmelman, aliyahesabu miongoni mwa kazi za ajabu kabisa za sanaa ya kisasa kuwahi kutoka Marekani. Sifa hizo zilizua swali ambalo mpaka leo linaulizwa: wanawake waliokuwa na shamba la kulima, bustani ya kupalilia, chungu jikoni na watoto wa kulea, walipata wapi nafasi ya kuwa wasanii? Swali hilo linachukulia kwamba kazi za nyumbani humwibia mtu usanii wake. Mimi naona ushahidi wa Gee's Bend unaonyesha kinyume. Kazi hizo ndizo zilizowafundisha kuona, kupima na kuamua, na nyumba ndiyo iliyokuwa karakana yao. Tusipolielewa hilo, tutayasifu mablanketi na kuudharau mkono ulioyashona.

Gee's Bend, ambayo jina lake rasmi ni Boykin, imekaa kwenye kona kubwa ya Mto Alabama, na maji yameizunguka pande tatu. Katika karne ya 19 palikuwa shamba la pamba la watumwa, kwanza la ukoo wa Gee, kisha la ukoo wa Pettway. Ndiyo maana hata leo wakazi wengi wanaitwa Pettway, hata wale wasio na undugu wa damu: ni jina la bwana lililobaki kwa waliokuwa watumwa wake. Baada ya uhuru waliendelea kulima ardhi ya wengine na kugawana mavuno na wenyewe. Mwaka 1932, baada ya kufa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha, familia zipatazo 60 zilinyang'anywa mifugo, zana na akiba ya chakula ili kulipa madeni, na Msalaba Mwekundu ukalazimika kuwapelekea posho. Baadaye serikali kuu iliinunua ardhi, ikawakopesha wakazi na kuwajengea nyumba. Kisha mwaka 1962, walipoanza kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura, kivuko cha kwenda mji wa Camden kilisitishwa, na hakikurudi mpaka mwaka 2006. Watu waliotengwa hivyo hawakuwa na mahali pengine pa kujifunzia ila majumbani mwao.

Tuangalie basi kazi ilivyokwenda ndani ya mwaka. Masika na kiangazi vilikuwa vya shamba na bustani: mahindi, kunde, viazi vitamu, karanga, na ile mboga ya majani ambayo Afrika Mashariki tunaiita sukuma wiki, ambayo ni chakula cha kila siku kusini mwa Marekani. Pamba ilichumwa wakati wa mavuno. Baridi ilipoingia na udongo ukapumzika, sindano ikachukua nafasi ya jembe. Mwanamke aliunga uso wa blanketi peke yake, jioni, kwa vipande alivyokuwa akivikusanya mwaka mzima. Katikati alitandaza pamba, mara nyingi ile ya mabaki yaliyofagiwa kwenye kinu cha kuchambulia, akaipiga kwa fimbo mpaka ikalainika na kuenea sawa. Kisha alikuja jirani, dada au mkwe, wakalitandaza blanketi kwenye fremu ya mbao na kushona tabaka zote tatu pamoja. Watoto walitunga uzi kwenye sindano na kucheza chini ya fremu, wakiziona sindano zikizama na kuibuka juu ya vichwa vyao. Masika yaliporudi, mablanketi yalianikwa nje yapate hewa, na kila aliyepita njiani aliona jirani yake ameshona nini. Hapo ndipo kazi ya mtu ilipotazamwa, ikapimwa na kujibiwa na mwenzake msimu uliofuata.

Kalenda hiyo inaeleza jambo ambalo ukuta wa makumbusho hauwezi kulieleza. Mwanamke mwenye bustani amezoea kuanza na kile alicho nacho: mbegu zilizobaki, kipande cha ardhi chenye mteremko, mvua isiyotabirika. Haanzi na ramani kamili. Anapanda, anaangalia kilichoota, anapunguza huku na kujaza kule. Ndivyo uso wa blanketi la Gee's Bend unavyokua. Kuna mtindo maarufu unaoitwa paa la nyumba, ambao huanza na mraba mdogo katikati, ukazungushiwa vipande virefu upande hadi upande, ukikua kwa nje. Kipande cha buluu kikiisha kabla ya kufika kona, mshonaji hasimami. Anaunganisha chekundu, na wekundu ule unabadilisha uzito wa blanketi zima, hivyo hana budi kuujibu upande wa pili. Mistari haikunyooka kwa rula, lakini ukiitazama kwa makini utaona hakuna iliyowekwa ovyo. Wenyewe husema wanashona kwa njia yao, na njia hiyo ni ujuzi wa kuamua haraka juu ya vitu vichache. Ni ujuzi uleule unaoamua kila siku chakula kitoshe watu wangapi.

Nguo zenyewe pia zina ushahidi. Mwaka 1942 Missouri Pettway alifiwa na mumewe, akachukua nguo zake za kazi, akazikata na kuziunga pamoja na binti yake Arlonzia, ili apate kujifunika kwa kumbukumbu ya mpenzi wake. Ukiliangalia blanketi la aina hiyo, unaona kitambaa kilivyopauka mahali jua na sabuni vilipofika, na kilivyobaki cheusi pale mfuko ulipokuwa umeshonewa. Mchoraji angelazimika kuzitengeneza rangi hizo kwa brashi; hapa zilitengenezwa na miaka ya kulima. Lakini kitambaa peke yake hakipangi chochote. Mtu aliyezifua nguo zile kwa mkono wake, akazipasi na kuzitia viraka mara kadhaa, anazijua nyuzi zake kuliko mnunuzi yeyote, na anajua kipande kipi kitastahimili mshono na kipi kitachanika. Ujuzi huo wa kitambaa hupatikana kwenye karai la kufulia kabla haujafika kwenye fremu.

Kisha kuna wajukuu. Rita Mae Pettway alilelewa na bibi yake, Annie E. Pettway, na kwa bibi huyo ndiko alikojifunza kushona. Binti wa Rita Mae, Louisiana Bendolph, naye alikulia katika mikono hiyohiyo, akaolewa katika nyumba ya mshonaji mwingine mkubwa, Mary Lee Bendolph, kisha maisha yakampeleka mbali na kijiji na sindano akaiweka kando. Alipoyaona maonyesho ya mablanketi ya watu wake mjini Houston mwaka 2002, akarudi kushona, na leo kazi zake zinatafutwa kwa jina lake. Ukiziweka kazi za wanawake hao kwa pamoja, unaona mtindo wa paa la nyumba ukipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na kila mkono ukiugeuza kidogo. Hakukuwa na darasa wala cheti. Kulikuwa na mtoto aliyeachwa akae karibu na kazi ya mkubwa, akapewa vipande vibovu avichezee, akarekebishwa alipokosea. Bibi ndiye hasa mwenye subira hiyo, kwa sababu mama wa mtoto mara nyingi alikuwa shambani.

Ushahidi ulio mzito zaidi unatoka pale kazi ilipotolewa nyumbani. Mwaka 1966, kwa msaada wa padri Francis X. Walter, wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika wao, Freedom Quilting Bee. Ulileta fedha taslimu mahali ambapo fedha ilikuwa adimu. Ulinunua ardhi na kuwauzia viwanja baadhi ya wale waliofukuzwa makwao kwa kosa la kujiandikisha kupiga kura, na jengo lake lilikuwa pia na sehemu ya kulelea watoto mchana. Huo ni ushindi usiopaswa kupunguzwa. Lakini maduka makubwa kama Bloomingdale's yalitaka bidhaa zinazofanana, na mwaka 1972 ilikuja kandarasi ya kampuni ya Sears ya kushona foronya za kodrai, zote kwa kipimo kimoja. Wanawake walishona walichoagizwa, kisha wakachukua mabaki ya kodrai kwenda nayo nyumbani. Huko wakashona mablanketi ya dhahabu, kijani na nyekundu ambayo baadaye yaliingia makumbusho, ilhali foronya hazikuingia. Mikono ni ileile na kitambaa ni kilekile. Kilichobadilika ni nani mwenye kauli ya mwisho: kwenye kandarasi ni mnunuzi, nyumbani ni mshonaji.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ninaupamba umaskini. Wanawake hawa walishona kwa sababu upepo ulipita kwenye nyufa za kuta, na watoto wangepata baridi. Ni kweli, na mmoja wao ameisema kweli hiyo waziwazi: Loretta Pettway, aliyezaliwa mwaka 1942, ameeleza kwamba kushona hakukumpendeza, alishona kwa kukosa njia nyingine. Maneno yake yanastahili kusikilizwa bila kulainishwa. Hata hivyo, dhiki inaeleza kwa nini alishona blanketi. Haielezi kwa nini blanketi lile likawa vile. Kujikinga na baridi kungetosha kuunga vipande kwa namna yoyote. Loretta aliweka mstari mpana hapa na mwembamba pale, akachagua, na mwaka 2015 yeye, Mary Lee Bendolph na Lucy Mingo walipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi. Kuheshimu uchaguzi wake si kuitukuza baridi. Kwa hakika, anayesema kwamba umaskini ndio ulioshona anamnyang'anya mshonaji kitu pekee ambacho umaskini haukuweza kukichukua.

Wengine wanasema siri iko kwenye damu: ni Afrika iliyovuka bahari. Urithi upo, lakini tazama upande mwingine wa dunia. Katika jimbo la Karnataka nchini India wanaishi Wasiddi, wazao wa Waafrika, wengi wakiwa wametokana na watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona blanketi la viraka liitwalo kawandi kwa nguo kuukuu za nyumbani, wakianzia ukingoni na kuzunguka kuelekea katikati, na kwenye pembe huweka vipande vilivyokunjwa, ambavyo kwao ni maua. Anayetaka kuliita hilo damu ya Kiafrika akumbuke kwamba mababu wa watu wa Alabama walitoka zaidi magharibi na kati ya bara, na kwamba njia ya kuunga ni tofauti kabisa: wa Gee's Bend wanatanua kutoka katikati, Wasiddi wanaingia kutoka nje. Wanachoshirikiana kwa hakika ni hali ya kazi: nguo zilizochakaa, saa za kuiba kati ya shughuli za nyumbani, watoto pembeni na majirani wa kulinganisha nao.

Lipo pingamizi la tatu, la watu wa hesabu: siku hizi blanketi la kiwandani ni rahisi, kwa nini bibi aumize macho? Kama tunahesabu joto tu, wana haki. Lakini blanketi la kununuliwa halimfundishi mjukuu kupima kwa jicho, kusubiri, kutumia alicho nacho na kurekebisha alichokosea. Tena soko lenyewe limeanza kulitambua hilo: mwaka 2021 baadhi ya washonaji wa Gee's Bend walifungua maduka ya mtandaoni kwa majina yao, na tangu mwaka 2022 kijiji kinafanya tamasha la kuanika mablanketi, wageni wakija kuona na kununua papo hapo. Fedha inamfikia mshonaji anapotambuliwa kama mwenye ujuzi, wala si kama mama wa nyumbani aliyebahatika.

Hilo linatuhusu. Katika nyumba za Afrika Mashariki kuna mabibi wanaosuka ukili, wanaodarizi kofia na kutarizi foronya, wenye bustani ya mchicha nyuma ya nyumba na mjukuu miguuni. Takwimu huwaandika kuwa hawana kazi. Gee's Bend inatufundisha kuwaandika upya: tuweke majina yao kwenye kazi zao, tulipe bei inayolingana na ujuzi, shule ziwaalike wafundishe kwa mikono, na tusimwondoe mtoto karibu na bibi anayefanya kazi kwa kudhani anapoteza muda. Ujuzi wa aina hii haukai kwenye kitambaa. Ukikosa wa kuupokea akiwa bado mdogo, jumba la makumbusho litabaki na blanketi, na hakuna atakayejua kushona jingine.