Mbwa mzee anayekunywa maji mno: bili ipi inafaa kulipwa?

Maswali ya wenye mbwa wazee hufanana mno. Mbwa ana miaka kumi au kumi na miwili, ameanza kukonda, bakuli la maji linakauka kabla ya adhuhuri, na sebuleni, mahali alipofundishwa tangu utotoni asikojoe, kila asubuhi kuna dimbwi. Daktari wa mifugo ametaja vipimo vya damu, dripu ya siku kadhaa na pengine upasuaji. Jumla yake inakaribia karo ya muhula mzima. Jirani akisikia bei anacheka: kwa pesa hiyo si ununue mbwa watatu?

Jirani huyo hana jibu. Yule anayelipa kila kitu huku analia naye hana. Kabla ya kuuliza kama mbwa ni mzee, au kama anapendwa kiasi gani, sharti ijulikane anaumwa nini na ugonjwa umefika wapi. Kiu hiyo moja yaweza kuletwa na magonjwa matatu ambayo matibabu yake yote ni ghali, lakini kile kinachopatikana kwa pesa hizo kinatofautiana kama mbingu na ardhi.

Uzee kwanza, maana ndio kisingizio kikubwa. Ile hesabu ya kuzidisha mwaka wa mbwa mara saba haina msingi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti uliolinganisha alama za kikemikali zinazobadilika kwenye DNA kadiri mwili unavyozeeka, kwa binadamu na kwa mbwa 104, wengi wao Labrador. Walikuta kwamba mbwa huzeeka mbio akiwa mdogo, kisha mwendo hupungua. Mbwa wa mwaka mmoja analingana na mtu wa miaka 31 hivi, wa miaka minne na mtu wa 53, na wa miaka 12 na mtu wa 71, si 84. Nao mbwa wenye miili mikubwa huzeeka mapema kuliko wadogo, kwa hiyo kanuni moja haiwatoshi wote. Isitoshe, mzee wa miaka 71 hufanyiwa upasuaji wa ngiri akarudi nyumbani kunywa chai. Hakuna anayemwambia mkewe amwache kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa.

Imani ya pili ina hatari zaidi: eti mkojo mweupe kama maji ni dalili ya figo safi. Kwa mbwa mzee anayekunywa sana, mara nyingi ni kinyume chake.

Kila figo ya mbwa ina vichujio vidogo, yaani nefroni, takriban laki nne. Kila nefroni huchuja majimaji kutoka kwenye damu, kisha huyanyonya karibu yote na kuyarudisha mwilini, ikiacha uchafu utoke na maji kidogo tu. Kazi hiyo ya kurudisha maji ndiyo inayotangulia kuharibika. Theluthi mbili za nefroni zikishakufa, zilizobaki hubebeshwa mzigo wa wenzao. Majimaji hupita ndani yake kwa wingi na kwa kasi kiasi kwamba haziwahi kuyarudisha. Mkojo hutoka mwingi na mwepesi, mwili hukauka, na ubongo huamuru kiu. Mbwa huyo hakojoi sana kwa sababu anakunywa sana. Anakunywa kwa sababu maji yanamtoka. Anayemwondolea bakuli usiku ili sakafu isilowe anamkausha mgonjwa asiye na namna ya kuyazuia.

Haya yote huonekana kwenye tone moja. Kuna kifaa kiitwacho refraktomita, kama darubini fupi inayoenea kiganjani. Daktari anadondosha mkojo kwenye kioo chake, anakifunika, anakielekeza dirishani na kuchungulia. Ndani kuna mizani ya namba na mpaka kati ya sehemu ya buluu na nyeupe. Mwanga hupinda zaidi kadiri mkojo ulivyobeba chumvi na uchafu mwingi, na mpaka ule husogea. Maji matupu husoma 1.000. Mbwa aliyepungukiwa maji, lakini mwenye figo nzima, hutarajiwa kuvuka 1.030. Mpaka ukiganda kati ya 1.008 na 1.012 kila anapopimwa, maana yake mkojo unatoka na uzito uleule wa majimaji yaliyochujwa kwenye damu. Yameingia figoni na kutoka kama yalivyoingia.

Damu huchelewa kusema. Kreatinini, taka inayotokana na misuli, kwa kawaida hupanda kupita kiwango pale ambapo takriban robo tatu ya uwezo wa figo imeshapotea. Na mbwa aliyekonda ana misuli michache, hutengeneza kreatinini kidogo, na namba yake inaweza kuonekana nzuri kuliko hali yake.

Kisha kuna fosforasi, na hapa mwili hufanya jambo la ajabu. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa, nayo hujazana katika damu. Tezi ndogo za parathiroidi, zilizo shingoni, humwaga homoni ili kurekebisha hesabu, na homoni hiyo huchota kalsiamu kutoka mifupani. Kwa baadhi ya mbwa taya hulainika hata likabonyea kama mpira. Urea nayo hufika mdomoni kupitia mate, bakteria huigeuza amonia, ndipo mbwa akanuka mdomo na kutoka vidonda kwenye fizi. Harufu hiyo ndiyo ambayo watu huiita minyoo, wakanunua dawa ya minyoo.

Sasa bili zenyewe.

Ya kwanza ni ya jike ambaye hakufungwa kizazi. Kila baada ya joto, homoni ya projesteroni hunenepesha ukuta wa mji wa mimba na kuzuia misuli yake isisukume uchafu nje. Bakteria, mara nyingi E. coli, hupanda humo na mji hujaa usaha, kwa kawaida wiki chache baada ya joto. Sumu ya bakteria hao huzuia figo zisiitii homoni inayoziamuru zihifadhi maji, na kiu ileile hutokea. Kwa macho tu mtu angeapa ni figo. Nchini Sweden, ambako ni desturi kutofunga kizazi, kumbukumbu za bima zilizochambuliwa mwaka 2001 zilionyesha kwamba karibu robo ya majike walikuwa wameugua ugonjwa huu kufikia umri wa miaka kumi. Upasuaji ni ghali, na nusukaputi humtisha kila mtu. Hata hivyo, chanzo chote hutolewa siku hiyo hiyo, wagonjwa wengi hupona, na kiu huondoka. Jike wa miaka 11 mwenye moyo mzuri hana sababu ya kunyimwa upasuaji huo. Kumsubirisha kwa sindano za antibiotiki ni kuhatarisha mji wa mimba upasuke na kumwaga usaha tumboni.

Ya pili ni ya figo zilizoshambuliwa ghafla. Mshukiwa mkubwa katika Afrika Mashariki ni leptospira, bakteria wanaosambazwa na mkojo wa panya. Watanzania waliujua ugonjwa huu kwa jina la homa ya mgunda Julai 2022, pale Wizara ya Afya ilipotangaza wagonjwa 20, watatu wakiwa wamefariki, mkoani Lindi. Mbwa huupata pia, na anaweza kuwaambukiza wenye nyumba kwa mkojo wake, kwa hiyo glavu ni lazima. Nefroni hapa zimejeruhiwa, hazijawa makovu. Dripu ya siku kadhaa na antibiotiki sahihi humpa mwenye figo nafasi ya kweli ya kuzirudisha. Ni bili nzito inayolipwa kwa matumaini yenye msingi.

Ya tatu ni ya ugonjwa sugu wa figo, na ndiyo inayofilisi watu. IRIS, jopo la kimataifa la wataalamu wa figo za wanyama, huugawa katika hatua nne kwa kutazama kreatinini ya mbwa aliyetulia na asiyepungukiwa maji. Chini ya miligramu 1.4 kwa desilita ni hatua ya kwanza, hadi 2.8 ni ya pili, hadi 5 ni ya tatu, na zaidi ya hapo ni ya nne. Katika hatua za katikati, jambo lenye ushahidi mzito si dripu wala mashine. Ni chakula. Jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota lililochapishwa mwaka 2002 liligawa mbwa 38 katika makundi mawili, moja likala chakula cha figo chenye fosforasi, protini na chumvi kidogo, jingine chakula cha kawaida, bila wenye mbwa wala madaktari kujua nani anakula kipi. Nusu ya kundi la kwanza waliishi zaidi ya siku 594. Kwa kundi la pili, nusu yao hawakufika siku 188.

Tofauti hiyo inaletwa na bakuli la chakula. Sasa tazama mbwa wengi wa mijini wanavyolishwa: ugali na dagaa, mifupa ya supu kwa wingi. Dagaa huliwa na mifupa yake, na mifupa ni ghala la fosforasi. Suluhisho si ugali mtupu, maana mbwa atajila misuli yake mwenyewe. Daktari apange mlo, ambao mara nyingi huwa na wali, mafuta, ute wa yai na nyama iliyopimwa.

Katika hatua ya nne maji yamezidi unga. Dripu inaweza kuosha damu na mbwa akainua kichwa siku ya tatu, familia ikashangilia, lakini hakuna nefroni hata moja iliyozaliwa upya. Akirudi nyumbani, taka hujikusanya tena. Daktari anayeuza wiki ya pili na ya tatu ya dripu bila kusema hivyo waziwazi anauza muda peke yake, na mteja ana haki ya kujua ni muda wa aina gani.

Bado afadhali huyo. Kuna muuza mizizi anayedai “kusafisha figo” kwa chupa ya maji ya kahawia, kana kwamba figo ni karabureta. Kuna mwenye mkoba anayedunga sindano uani bila kupima hata joto. Kuna ushauri wa kitunguu saumu, ambacho huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, tena kwa mgonjwa ambaye figo zake tayari zimepunguza homoni ya kutengeneza damu. Na kuna kosa linalofanywa kwa upendo: nusu kidonge cha diklofenaki au ibuprofeni kwa sababu mzee anachechemea. Dawa hizo huzima prostaglandini, kemikali zinazoweka wazi mishipa inayoingiza damu figoni pale damu inapopungua. Diklofenaki hiyo hiyo, waliyopewa ng'ombe, iliangamiza tai wa Bara Hindi walipokula mizoga. Figo zao zilikufa, baadhi ya spishi zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95, na India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Tanzania ina Baraza la Veterinari na Kenya ina Bodi ya Veterinari, na madaktari husajiliwa huko. Kuuliza namba ya usajili si utovu wa adabu.

Mengine ni mafupi. Maji yapimwe kwa chupa: zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku ni mengi mno, yaani lita mbili na nusu kwa mbwa wa kilo 25. Kabla ya kulipa, daktari aulizwe mambo matatu: ni ugonjwa gani, hatua ipi, na kitatokea nini kama matibabu hayatafanyika. Kwa kupima maisha yenyewe, Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama wa Marekani, aliandaa mwaka 2004 mizani ya mambo saba: maumivu, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema ni nyingi kuliko mbaya. Kila moja hupewa alama hadi kumi. Jumla ikizidi 35, kuendelea kunaeleweka.

Isipofika, kuna kumpumzisha. Daktari hutumia pentobabitali, dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa. Mbwa hulala kwanza, kisha pumzi na moyo husimama katika dakika chache. Macho huweza kubaki wazi na mwili kuvuta pumzi moja ya mwisho bila fahamu. Si sawa hata kidogo na nyama yenye sumu inayotupwa uani usiku.

Mwenye mbwa aliyevuka miaka saba asisubiri dimbwi la sebuleni. Mkojo wa kwanza wa asubuhi ukingwe kwenye kikopo safi na kikavu, upelekwe kliniki siku hiyo hiyo. Refraktomita inahitaji tone moja tu.