Madoa sita mwilini: Mzazi, mpeleke mtoto akaguliwe

Mtoto wa Gredi ya 3 hatulii darasani na kusoma kunampa shida. Mgongoni na tumboni ana madoa ya kahawia. Nyumbani madoa yanaitwa alama za kuzaliwa. Shuleni anaitwa mvivu. Huenda mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, na chanzo hicho kinaweza pia kuleta uvimbe na, mara nyingine, saratani.

Hali hiyo inaitwa nyurofaibromatosisi ya aina ya kwanza, kwa kifupi NF1. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000, wa kila jamii, wavulana kwa wasichana.

Ili kuielewa, fikiria matatu inayoteremka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate. Kwenye kona zile, usalama wa abiria ni breki. Seli za mwili nazo zina breki. Protini iitwayo Ras huiamuru seli ikue na kugawanyika. Jeni ya NF1, iliyotambuliwa mwaka 1990, hutengeneza protini nyingine inayoituliza Ras. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa kila mzazi. Mwenye NF1 ana nakala moja yenye hitilafu, kwa hivyo breki imelegea.

Katika ubongo, Ras husaidia seli za neva kupashana habari na kuhifadhi kumbukumbu. Isipotulizwa kwa wakati, kujifunza huvurugika. Karibu nusu ya watoto wenye NF1 hupata shida masomoni, na baadhi yao huwa na usonji.

Kwingineko mwilini, nakala ya pili ikiharibika ndani ya seli fulani, breki hukatika kabisa. Seli hiyo huzaana na kufanya uvimbe. Uvimbe mwingi wa aina hii si saratani, lakini baadhi hugeuka kuwa saratani, na mwingine huota kwenye neva ya jicho na kudhuru macho.

Jeni nyingine hufanya kazi kama hiyo. Hitilafu katika jeni za TSC1 na TSC2 huleta uvimbe, kifafa na usonji. Uhusiano huu umewafaa wagonjwa: everolimus, dawa inayotumika kutibu saratani ya figo, sasa hutumika pia kupunguza kifafa cha watu wenye hitilafu hiyo.

Hata hivyo, mzazi asiingiwe na hofu. Watoto wengi wenye usonji au wanaochelewa kusoma hawana NF1, na doa moja au mawili ni jambo la kawaida. NF1 haiambukizi, wala si laana. Karibu nusu ya wenye NF1 hawakuirithi kwa mzazi yeyote. Lakini mzazi aliye nayo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kumrithisha kila mtoto anayezaa.

Mambo ya kufanya:

• Hesabu madoa. Yakifika sita au zaidi, kila moja likizidi upana wa milimita 5, nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Ikihitajika, utapewa rufaa, kwa mfano hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi.

• Mtoto akithibitishwa kuwa na NF1, apimwe macho na shinikizo la damu kila mwaka.

• Uvimbe ukikua haraka, ukiwa mgumu au ukiuma, au mtoto akianza kutoona vizuri, usingoje siku ya kliniki.

• Mwanamke mwenye NF1 amwulize daktari kuhusu kupimwa matiti mapema, kwa kuwa hatari yake ya saratani ya matiti kabla ya miaka 50 ni kubwa kuliko ya wenzake.

• Mwalimu, usimwadhibu mtoto huyu. Zungumza na mzazi, mtoto apelekwe kituo cha tathmini ya elimu (EARC) ili asaidiwe kujifunza kwa kasi yake.

Usiku wa leo unapomwogesha mwanao, mwangalie mgongoni.