Dakika Zinazokatwa katika Mieleka ya Sumo

Sumo, mieleka ya jadi ya Japani, ina mashindano makuu sita kila mwaka, na kila shindano huchukua siku 15, ambapo mwanamieleka wa daraja la juu, liitwalo makuuchi, hupambana mara moja kwa siku ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 4.55 juu ya ulingo wa udongo. Anayetolewa nje ya duara, au anayegusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Na kwa kuwa mara nyingi mambo huamuliwa kwa sekunde chache tu, asiyeuzoea mchezo huu anaweza kudhani kwamba kuupunguzia muda wa runinga si hasara kubwa. Mashabiki wake wanalalamika kwamba hasara ni kubwa mno, na hoja yao ina uzito.

Kabla ya pambano huwapo shikiri, yaani maandalizi ambayo wapinzani hutupa chumvi kuutakasa ulingo, huchuchumaa, hukaziana macho, kisha hurudi pembeni na kuanza upya, mpaka dakika 4 walizopewa zitimie. Katika muda huo mtazamaji mzoefu hupima nani ana wasiwasi, nani anauguza goti, na nani amebakiza ushindi mmoja kufikisha 8, idadi ambayo kwa kawaida hukilinda cheo chake. Matangazo kamili ya makuuchi huchukua takriban saa mbili, ilhali muhtasari wa Kiingereza ambao NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, huwaandalia watazamaji wa nje haufiki nusu saa, na shikiri ndiyo hutangulia kukatwa. Kinachobaki ni majitu yakiangushana mfululizo, tamasha linalofurahisha macho bila kueleza kwa nini bingwa kaanguka; na madaraja matano ya chini, wanakopikwa nyota wa kesho, ni nadra kuonekana.

Watangazaji hawawezi kujitetea kwamba desturi za sumo haziendani na ratiba zao, kwa maana mchezo huu umekwisha kuzipisha ratiba hizo zaidi ya mara moja. Redio ilipoanza kutangaza mapambano mwaka 1928, shikiri, ambayo awali haikuwa na kikomo, iliwekewa dakika 10 kwa makuuchi, na baadaye zikapunguzwa tena. Mwaka 1952, miezi michache kabla ya runinga kuingia ukumbini, nguzo nne zilizobeba paa la ulingo ziliondolewa ili zisizibe macho, na paa likaning'inizwa kutoka darini.

Mwaka 2010 NHK ilisitisha matangazo ya moja kwa moja ya mashindano ya Nagoya kwa sababu ya kashfa ya wanamieleka kucheza kamari ya besiboli, ikabakiza muhtasari tu, lakini adhabu hiyo angalau ilikuwa na kosa lililojulikana. Upungufu wa sasa hauna mkosaji, na unawaelemea zaidi walio nje ya Japani: JSTV, chaneli ya kulipia iliyohudumia Ulaya, ilifungwa Oktoba 2023, na TV Japan ya Amerika Kaskazini ikafuata Machi 2024, nafasi yake ikichukuliwa na huduma ya kulipia ya intaneti. Wajapani wenyewe, tangu 2018, wana pia Abema, huduma ya intaneti inayoonyesha hata madaraja ya chini.

Ajabu ni kwamba Chama cha Sumo cha Japani hakijaacha kuwatafuta mashabiki hao wa mbali. Oktoba 2025 kilipeleka wanamieleka wake katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kwa siku 5, jambo lililofanyika huko mara ya mwisho mwaka 1991, na Hoshoryu wa Mongolia, mwenye cheo cha juu kabisa cha yokozuna, akaibuka mshindi. Waliokata tiketi waliiona shikiri kwa macho yao. Mwezi uliofuata, mashindano makuu yalipoanza Fukuoka, JSTV iliyokuwa ikiwaletea sebuleni ilikuwa imefungwa kwa miaka miwili.