Digrii ya mtandaoni bila mkopo wa HELB: hesabu yake iko hivi

Kila matokeo ya KCSE yatokapo, swali ni lile lile Kibokoni, Kuze hadi Makadara: mtoto anataka kusoma digrii kwa mtandao, mkopo wa HELB hautakiwi nyumbani au haupatikani, je, atalipa vipi? Nimeulizwa mara nyingi, leo nieleze.

Wasiotaka HELB wengi wao wana sababu moja: riba. Mkopo wa digrii ya kwanza hutozwa asilimia 4 kwa mwaka, na anayekawia kulipa ana faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Ni nafuu mbele ya mikopo ya benki, lakini kwa mwenye kuiogopa riba, kidogo chake na kingi chake ni mamoja. Wengine hawana hiari, kwani chuo walichokichagua kiko ng'ambo, nje ya Afrika Mashariki. Na vijana wanaosoma habari za FAFSA, ile fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, wasijisumbue. Msaada ule ni wa raia wao na wakaazi maalumu waliotajwa na sheria. Kuwa na ami Minnesota hakutoshi.

Basari nazo, za eneo bunge la Mvita au za kaunti, kwa kawaida hundi yake huandikwa jina la chuo. Chuo cha ng'ambo kisicho na akaunti hapa kitaipokea vipi?

Sasa, uzuri wa mtandao mimi siuoni katika urahisi wa bei. Nauona katika kulipa kozi moja moja. Chukua University of the People, iliyoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009. Hutangazwa kuwa haina ada ya masomo, na ni kweli, lakini kila kozi ina malipo yake ya kutahiniwa. Neno "bure" limewachanganya wengi.

Tufanye kozi moja ni dola 100, ili hesabu iwe nyepesi, na digrii ina kozi 40. Hizo ni dola 4,000. Januari 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na kabla ya mwaka kwisha ikashuka hadi 129 hivi. Digrii ile ile ni shilingi 640,000 kwa bei ya kwanza, na 516,000 kwa ya pili. Tofauti ni shilingi 124,000, na mwanafunzi hajakosea lolote. Kwa hivyo usipange bajeti kwa bei ya dola ya leo. Weka akiba juu yake.

Mchezo je? Watu 12 wakitoa 2,500 kila mwezi, zamu moja ni 30,000: kozi mbili kwa dola ya 129, na kitu kidogo cha bando. Lakini zamu ni moja kwa mwaka, na kozi mbili kwa mwaka ni miaka 20! Nyumba ikishika mikono mitatu, ya mama, dada na mwanafunzi mwenyewe, ni 7,500 kwa mwezi, kozi sita kwa mwaka, digrii kwa karibu miaka saba. Ombeni zamu zenu zipishane, zifuate mihula. Mtasema pesa hizo zaweza kuwekwa nyumbani tu. Haya, pesa ya nyumbani ina masikio. Ikisikia harusi, yaondoka.

Miaka saba ni mingi, najua. Kwa binti aliyeolewa, au anayemuuguza mzazi, mara nyingi ndiyo njia ya pekee.

Anayetaka kukwepa dola kabisa atazame Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati yake Agosti 2023 kule Konza. Ada ni ya shilingi, na cheti ni cha hapa.

Kwa chuo cha ng'ambo, kabla ya kulipa hata kozi ya kwanza, iulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama cheti chake kitatambuliwa Kenya. Ulizeni kwa maandishi, na jibu lake mliweke pamoja na risiti.