Ndinga Kali, Skrini Imezingua: Usikurupuke Kuapudeti

Siku hizi pale Tarime mjini mtu akishusha ndinga, washkaji hawaanzi na injini. Wanachungulia dashibodi. Skrini ipo? Bluetooth inadaka? Inaongea Kiingereza au bado iko Tokyo? IST, Axela, Noah ya familia, hata Probox inayokimbiza abiria wa Sirari, zote zinahukumiwa kwa kile kioo cha katikati. Na kioo kikizingua, kijiwe kizima kina jibu moja: "Apudeti hiyo kitu, mwanangu." Hapo ndipo watu wanapopigwa maokoto kweupe.

Kwanza tuelewane. Hiyo redio yako ni kompyuta kamili: ina chipu, ina kumbukumbu, ina programu. Na ndinga nyingi za huku kwetu zilitengenezwa zitumike Japani. FM ya kule ilikuwa inaanzia 76 na kuishia 90, baadaye wakaisogeza hadi 95. Ya kwetu inapanda mpaka 108. Ndiyo maana IST yako inadaka stesheni mbili tatu za chini, zilizobaki kimya. Fundi akikwambia ataapudeti ramani ili FM ifunguke, mwache aende zake. Dawa ni ile ekspanda inayochomekwa kwenye waya wa antena, au ubadili redio yenyewe. TV ya ndani ndiyo usiiwazie kabisa: mfumo wa Wajapani wa matangazo ya dijitali ni tofauti na wa kwetu.

Ramani je? Kadi iliyokuja na gari inaijua Osaka, Nyamongo haijawahi kuisikia. Usipoteze hela. Tumia simu, na pakua ramani ya kutumia bila mtandao ukiwa bado mjini, kabla hujakamata njia ya Nyamwaga, ukavuka Mto Mara kwenda Mugumu na kutokezea Ikoma. Huko porini bando unaweza kuwa nalo na usione kitu.

Sasa sikia balaa la SD kadi. Kwenye Toyota kibao, ile kadi ndogo ya ramani ndiyo iliyobeba sehemu ya programu ya redio. Mchizi anaichomoa, anaifomati, anajaza litungu na Bongo Fleva za kutosha, anairudisha kwa mbwembwe. Skrini inamletea maandishi ya Kijapani inadai kadi yake, na hapo mziki umeisha. Au betri inachomolewa gereji, gari likiwashwa skrini inatoa herufi ERC na namba ndefu. Hilo ni kufuli la kuzuia wizi. Halitaki apudeti, linataka msimbo unaotokana na namba hiyo hiyo. Ipige picha ilivyo, mpe fundi anayeijua kazi hiyo, na usibonyeze kwa kubahatisha.

Kwa hiyo apudeti ni ya nini? Ni ya tatizo la programu. Simu mpya haishiki Bluetooth, skrini inajizima na kujiwasha yenyewe, au mtengenezaji ametoa toleo lenye kitu kipya. Nyingine ni za usalama. Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, waliiingilia Jeep Cherokee kwa mbali kupitia mfumo wake wa redio, tena gari likiwa barabarani. Kampuni inayotengeneza Jeep ikatangaza kurekebisha magari milioni 1.4 na kuwatumia wenye magari flashi za kuapudeti. Hapo huna ujanja, unaapudeti.

Na programu ikizingua, haichagui mjanja. Januari 2022 huko Seattle, wenye Mazda za 2014 hadi 2017 walikuwa wanasikiliza KUOW, 94.9 FM. Stesheni ikarusha picha za matangazo ya dijitali ambazo majina ya mafaili yake yalikosa ule mkia wa kuonyesha aina ya faili. Redio zikachanganyikiwa, zikawa zinawaka na kuzima bila kikomo, na nyingine zikang'ang'ania stesheni hiyo hiyo. Ilibidi kubadilisha kifaa kizima. Faili dogo tu, wana!

Sasa twende kwenye zile Android za Kichina, kioo kikubwa kama runinga ya geto. Ndani yake kuna vichwa viwili: Android yenyewe, na chipu ya MCU inayosimamia sauti, vitufe vya usukani na kuwasha. Ukipakia faili la MCU la redio nyingine, skrini inaweza kuwaka vizuri huku sauti imekata au vitufe vimekufa. Na usilewe maandishi ya kwenye boksi. Kuna zinazojiita Android mpya kumbe ndani ni kuukuu iliyopakwa rangi.

Mpango mzima uko hivi. Ingia kwenye mipangilio, fungua ukurasa wa taarifa za kifaa, piga picha toleo la mfumo na la MCU. Tafuta faili la modeli hiyo na la soko ambalo gari lako lilitengenezewa. Mazda ya Japani usiilishe faili la Ulaya. Flashi iwe imefomatiwa FAT32 na isiwe na takataka nyingine. Betri iwe nzima, na ikiwezekana chaja iwe juu yake. Kazi ikianza, usiguse swichi, usipige starta, maana umeme ukishuka katikati ya kuandika, redio inaweza isiamke tena. Mwambie na mdogo wako aache kuchezea funguo.

Kingine kwa wana wa Sirari: simu ikiwa mpakani inapenda kudaka mtandao wa Kenya. Zima rominga kabla ya kushusha faili kubwa, la sivyo salio linayeyuka ukiwa umekaa upande wetu kabisa.

Na wewe unayesaka ndinga, kagua kabla hujatoa mkwanja. Unganisha simu yako, tembeza FM kuanzia chini hadi juu, weka rivasi uone kamera, hakikisha kadi ya SD ipo mahali pake. Redio inayopiga fresh iache ilivyo. Yenye ugonjwa, muulize fundi maswali mawili tu: faili hili ni la modeli gani, na likigoma unairudishaje? Akianza kubabaika, washa gari, sepa.